Maarifa ya Kazi na Nyumbani: Amri Iliyokwisha na Kompyuta Isiyosahau

Wahenga wametuachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ni wa kweli, wala sina nia ya kuupinga. Lakini juma hili napenda kuwaonyesha upande wake wa pili: daftari lenyewe nalo, yasipofutwa ndani yake yale yaliyopitwa na wakati, laweza kumtia mashakani mtu asiye na hatia. Daftari ninalolisema ni lile lililomo ndani ya kompyuta za ofisi zetu.

Nitaanza na kisa cha mbali, ambacho kila aliyewahi kushika zamu atakielewa upesi.

Mlinzi wa ua

Bismarck, aliyekuwa balozi wa Prussia nchini Urusi tangu mwaka 1859 hadi 1862, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba katika bustani moja ya mji wa St. Petersburg alionekana askari wa zamu amesimama katikati ya majani, mahali pasipokuwa na lango, ghala wala kitu chochote cha kulindwa. Alipoulizwa analinda nini, alijibu tu kwamba ndiyo amri. Wakubwa wakaulizana, na asili ya amri ile isijulikane. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kuwa zamani Malkia Catherine, aliyefariki mwaka 1796, aliona mahali pale ua lililochanua mapema kuliko wakati wake, akaagiza lisichumwe. Mlinzi akawekwa. Ua likanyauka, malkia akafa, askari wakapokezana miaka na miaka, na zamu ikaendelea kwa kuwa hakutokea mtu wa kuikomesha.

Msimcheke askari yule. Yeye alitimiza wajibu wake. Kosa lilikuwa la aliyetoa amri isiyo na mwisho, na la wale waliomfuata ambao hawakuuliza. Kompyuta, ndugu zangu, ni askari wa namna hiyohiyo, tena asiyechoka, asiyestaafu na asiyeuliza swali. Ukimwamuru asimame, atasimama hata baada ya wewe mwenyewe kusahau kwamba ulimwamuru.

Yaliyotokea ofisini

Sasa nisimulie la kwangu. Nilisomea ualimu, na hata leo watu wengi hapa Rumonge huniita Mwalimu, ingawa kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni ya ofisini. Katika ofisi moja niliyowahi kuitumikia hapa kandokando ya ziwa, mimi ndiye niliyekabidhiwa kompyuta zote, kwa sababu tu nilikuwa nimejifunza mambo hayo zaidi kidogo kuliko wenzangu.

Siku zile tulikuwa na mashine moja ya kati iliyowekwa pembeni, ambayo makarani watatu wa masjala walipitia ili kuufikia mtandao. Niliandika amri moja katika mashine kuu, na amri hiyo ikaingia katika akaunti za makarani wale: kila utakachokipeleka nje, kipitishe kwenye mashine ya kati. Baadaye tukapata njia nyingine ya mtandao iliyo bora. Nikaifuta ile amri katika mashine kuu, nikapangusa mikono, nikaamini kwamba kazi imekwisha. Ile mashine ya kati sikuizima; ikabaki palepale ikinguruma.

Muda ukapita. Makarani wawili wakahamishwa, akabaki dada mmoja. Ikaja mvua ya masika na radi zake, na ile mashine ya pembeni ikaungua. Hakuna aliyeijali, kwani sote tulidhani haina kazi tena.

Juma lilelile ilitakiwa ipelekwe Bujumbura orodha ya watoto wa askari kwa ajili ya kadi za matibabu. Mwisho wa kupokea ulikuwa siku ya Ijumaa. Mtoto ambaye jina lake halikufika angengoja awamu nyingine, na kwa muda huo wazazi wangenunua dawa kwa fedha zao. Yule dada akaketi kwenye kompyuta tangu asubuhi, akajaribu kuipeleka orodha. Ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa mgeni kwetu, akaja akaketi kwenye kiti kilekile, akaingia kwa jina lake mwenyewe, akafungua mtandao mara moja bila taabu.

"Mwanangu," akamwambia, "mashine ni nzima. Mimi inanikubali, wewe inakukataa. Unataka nifikiri nini?"

"Shefu, sijui," dada akajibu. "Nafanya vile ninavyofanya siku zote."

Hata jioni haijafika, barua ya onyo ikawa imekwisha andikwa, kwamba karani amezembea na kuchelewesha kazi ya serikali. Orodha ikanakiliwa kwenye kijiti cha kumbukumbu, ikapelekwa kesho yake kwa gari, zaidi ya kilomita 70 kufuata ufuko wa ziwa. Ilifika wakati dirisha la kupokelea limekwisha fungwa.

Mimi nilirejea kutoka safarini Jumatatu. Nikaingia katika akaunti ya yule dada yeye mwenyewe akiwa ameketi kando yangu, nikafungua daftari la ndani la kompyuta, na huko nikaikuta anwani ya ile mashine iliyoungua na radi. Nikaitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Niliiandika mimi. Wahenga husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole; lakini mwiba huu niliutega mimi, ukamchoma mwingine.

Daftari la ndani ni nini

Tuiangalie sasa kazi yenyewe, maana majuto yasiyo na elimu hayamsaidii mtu.

Kompyuta nyingi za ofisi zetu hutumia Windows ya kampuni ya Microsoft. Tangu toleo la mwaka 1995, mipangilio karibu yote ya Windows huwekwa katika daftari moja linaloitwa rejista. Humo huandikwa ni programu ipi iamke mashine inapowashwa, karatasi zichapwe wapi, mtandao upitiwe njia gani, na maelfu ya mambo mengine.

Rejista ina matawi. Mawili yafaa kujulikana na kila karani. La kwanza, HKEY_LOCAL_MACHINE, ni la mashine nzima, mfano wa ubao wa matangazo wa kambi ambao kila anayeingia huusoma. La pili, HKEY_CURRENT_USER, ni la yule aliyeingia kwa jina lake, mfano wa sanduku la askari lililo chini ya kitanda chake. Ndiyo sababu mkuu wetu alikubaliwa na karani akakataliwa juu ya kiti kilekile. Amri ya zamani ilikuwa sandukuni mwa karani; mkuu, aliyekuja baadaye, hakuwa nayo katika sanduku lake. Laiti tungalijua hilo siku ile, hakuna ambaye angeshukiwa.

Amri za namna mbili

Kompyuta za ofisi kubwa husimamiwa kwa pamoja. Msimamizi huandika amri mahali pamoja, na kila mashine huja kuichukua inapowashwa na mtu anapoingia. Baada ya hapo huja kuuliza kama kuna jipya kila dakika 90, ikiongezwa nafasi ya dakika zisizozidi 30 ili zote zisije kwa mkupuo. Amri hizo huitwa sera za kundi.

Zamani, katika Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, sera za aina hii ziliandikwa katika rejista zikabaki humo. Ukiiondoa sera kwenye mashine kuu, alama yake haiondoki katika mashine za chini. Wataalamu waliifananisha na chale: mwenye kuchanja amekwisha kwenda zake, lakini alama imebaki mwilini.

Windows 2000 ilileta dawa. Yalitengwa mafungu maalumu ndani ya rejista, yenye jina la Policies, na ikawekwa kanuni kwamba kila kilichoandikwa humo kwa njia ya sera hufutwa sera inapokoma kumhusu mtu au mashine. Tena mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika katika mafungu hayo. Amri ya namna hii ni kama sare ya jeshi: unapotoka kazini unairudisha ghalani.

Lakini mambo mengi hayana nafasi katika mafungu hayo, na anwani ya mashine yangu ya kati ilikuwa mojawapo. Kwa ajili ya hayo, tangu Windows Server 2008, msimamizi amepewa uwezo wa kuandika mpangilio wowote mahali popote pa rejista. Humo huchagua kitendo kimoja kati ya vinne: kutengeneza, kubadilisha, kusasisha au kufuta. Hapa ndipo penye mtego. Mpangilio ulioandikwa kwa njia hii, msimamizi asipoagiza vinginevyo, hubaki hata baada ya amri kuondolewa. Ni chale ileile ya mwaka 1996, iliyorudi kwa mlango mwingine.

Amri iliyobeba mwisho wake

Basi, mtego huo una kinga, nayo ni kijisanduku kimoja kidogo cha kutia alama, kinachosema kwamba kitu hiki kiondolewe pindi amri isipohusika tena. Mimi sikukitia alama. Ukikitia, Windows hugeuza kitendo chako kuwa cha kubadilisha, nayo mashine huweka kumbukumbu ya kile ilichopewa; amri ikikoma, mpangilio hufutwa wenyewe, bila fundi kuzunguka meza kwa meza.

Tunaoishi kandokando ya Tanganyika tunaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa ziwa letu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Angalieni: tangazo la kufunga lilikuja pamoja na siku ya kufungua. Mvuvi wa dagaa alijua ni lini atarudisha mtumbwi majini. Lau lingekuwa na mwanzo tu, wengine wangebaki pwani wakingoja, na wengine wangevunja amri wakisema imesahauliwa. Amri njema hubeba mwisho wake.

Hata hivyo, msimamizi na ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, kijisanduku kile hufuta, hakirudishi. Ikiwa mahali pale palikuwa na mpangilio mwingine kabla ya wako, usitegemee kwamba utarejea. Hapana budi uuandike upya. Pili, alama hiyo yafaa itiwe wakati amri ingali inaifikia mashine. Amri ikisha kuondolewa, kutia alama ni sawa na kupiga tarumbeta wakati kikosi kimekwisha vuka mto.

Kuondoa yaliyokwisha kusahauliwa

Je, yale ambayo tayari yamesahauliwa huondolewaje? Kwa mashine moja au mbili, fundi aweza kuyafuta kwa mkono. Kwa mashine hamsini zilizotawanyika toka Rumonge hadi Nyanza-Lac, kazi hiyo haina mwisho. Dawa ni kuandika amri mpya ambayo kitendo chake ni kufuta, ikitaja mpangilio uleule kwa jina. Kila mashine itakapokuja kuchukua amri zake, itaufuta, na ikiwa mtu au programu itaurudisha, utafutwa tena katika zamu inayofuata. Nimeona kazi iliyodhaniwa ni ya mwezi mzima ikimalizika kabla ya chai ya saa nne.

Lakini upanga huu una makali. Yafuatayo yafaa yashikwe kama kanuni za ghala la silaha.

Kwanza, hakikisha umelijua kosa kabla ya kulifuta. Uliza: nani aliandika mpangilio huu, lini, kwa sababu gani? Kitu usichokijua si lazima kiwe takataka.

Pili, nakili kwanza. Rejista inaruhusu tawi lolote kutolewa na kuhifadhiwa katika faili, ili likihitajika lirudishwe.

Tatu, taja jina la mpangilio wenyewe. Ukitaja tawi tu na kuacha nafasi ya jina ikiwa tupu, kitendo cha kufuta kitaondoa tawi zima pamoja na vyote vilivyomo. Mtu aliyeagizwa kukata kuti moja kavu la mchikichi hakati shina.

Nne, jaribu kwenye mashine moja, kisha tatu, kisha zote. Waweza kuiwekea amri masharti, ihusu mashine fulani au kundi fulani tu.

Tano, amri ya kufuta nayo ni amri. Ikisha maliza kazi yake, iondoe. La sivyo, siku moja mtu atauweka mpangilio ule kwa sababu njema, nao utatoweka kila baada ya saa moja na nusu, naye atadhani ofisi imeingiliwa na mashetani.

Sita, andika katika daftari la karatasi: amri hii imewekwa siku fulani, na fulani, kwa sababu fulani, iondolewe siku fulani. Hapa wahenga wetu wanarudi na usemi wao.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu sasa. Kwa sheria ya mwaka 2023, ambayo ilianza kutekelezwa mwaka 2025, mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Mkoa wa Rumonge, ulioundwa mwaka 2015, ukakoma, na Rumonge yetu ikawa komini katika mkoa wa Burunga. Vibao vya milangoni hubadilishwa kwa siku moja, kwa sababu vinaonekana. Majina ya zamani yaliyomo ndani ya rejista hayaonekani. Kila ofisi inayobadilisha jina, jengo au mashine kuu ingefaa ijiulize: ni amri zipi tulizoziandika kwa ajili ya hali ya jana, na ni nani aliyeagizwa kuziondoa?

Kwa walioko nyumbani

Mama mmoja, mke wa askari, aliniuliza kuhusu kompyuta kuukuu waliyomnunulia kijana wao wa shule ya sekondari. Kila aifunguapo huonyesha maneno kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, na mlango wa kijiti cha kumbukumbu hauitiki. Alidhani ameuziwa mashine ya wizi.

Huenda si wizi. Yaelekea mashine hiyo ilitoka katika ofisi au shule, na amri za huko zimebaki ndani yake bila mwenyewe. Muulize muuzaji imetoka wapi, akupe na hati. Ikiwa asili yake ni halali, njia iliyo salama ni kumpa fundi aifute yote na kuweka Windows upya. Ndipo kijana aanze na daftari jeupe. Zihifadhini kwanza picha na maandishi mnayoyahitaji.

Wala msidanganywe na programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha rejista kwa kubonyeza mara moja tu. Microsoft yenyewe imeeleza kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za namna hiyo, kwa kuwa zaweza kuharibu mashine kiasi cha kulazimu kuiweka Windows upya. Nyingine huja na magonjwa yake.

Ama kompyuta ya kazini ambayo baba au mama huja nayo nyumbani, hiyo si ya kuguswa. Mipangilio inayowaudhi watoto kwa kuzuia michezo si takataka. Imewekwa kwa makusudi na wenye dhamana, nao ndio watakaoiondoa. Ikiwa mpangilio unazuia kazi halali, andika, umpelekee msimamizi. Kuufuta mwenyewe kwa siri ni sawa na mlinzi kuondoka langoni kwa kuwa ameona mvua.

Mwisho wa kisa

Nilikwenda kwa mkuu wa ofisi siku ileile ya Jumatatu, yule dada akiwapo. Nikasema, "Shefu, barua ile iandikwe kwa jina langu. Amri ile niliiweka mimi, na mimi ndiye niliyesahau kuiondoa." Mkuu alinyamaza kitambo, kisha akamgeukia yule dada akasema, "Mwanangu, utuwie radhi." Nami nikamwomba radhi. Dada akajibu kwamba yamekwisha, ila akauliza, "Na wale watoto, Mwalimu?"

Orodha ilipokewa katika awamu iliyofuata. Kati ya majina yake palikuwa na familia ambazo katika kungoja huko zililipia dawa za homa kwa fedha zilizotengwa kwa chakula. Hizo sikuweza kuzirudisha kwa kufuta mstari mmoja.

Baada ya miezi kadhaa nilipita masjala, nikaomba kuangalia kama lile shauri limefungwa sawasawa. Barua ya onyo ilikuwa bado imo katika jalada la yule dada. Kila mtu alijua haina nguvu tena, na hakuna aliyeagizwa kuitoa. Angehamishwa kesho, mkuu wa huko angeisoma na kuamini. Nikaongozana na mkuu wetu, ikatolewa mbele yake, na ikawekwa mahali pake barua ya kuifuta yenye sahihi na tarehe.

Ndipo nilipoelewa kwamba tangu mwanzo sikuwa nikishughulika na kompyuta peke yake. Majalada yetu nayo ni rejista, na nyumba zetu pia: mtoto aliyekatazwa jambo kwa kosa la mwaka juzi hungoja kuambiwa kwamba adhabu imekwisha. Wewe uliyetoa amri, kumbuka kuiondoa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza nakala za picha na hati za familia zisiharibiwe na maji wakati ziwa linapojaa.